Gari Lililolala Nalo Hula: Shajara ya Kwenda Kazini kwa Miguu

Lengo la mradi ni kuacha kuendesha gari kwenda na kurudi kazini, na kupima kwa daftari kama kweli hela inabaki mfukoni. Umbali ni kilomita 5.1 kwa barabara ya magari. Mwenye kilomita 12 asijisumbue kuiga mradi huu kama ulivyo. Achanganye miguu na basi, au atafute baiskeli.

Kuhusu hesabu: sarafu hutofautiana na bei hazikai, kwa hiyo nimeyapa matumizi yote ya gari ya mwezi wa kawaida thamani ya alama 100. Kila kinachofuata kimepimwa kwa alama hizo. Anayeiga achukue jumla ya matumizi yake mwenyewe kwa mwezi, aigawe kwa 100, atajua kwake alama moja ni kiasi gani.

2 Februari: Hesabu ya kuanzia

Nimekusanya risiti na taarifa za benki za mwaka mzima, nikagawa kwa 12. Gari langu kwa mwezi linakula hivi:

Uchakavu (thamani inayopotea): 34
Mafuta: 24
Bima na ada za mwaka: 17
Maegesho ya kazini: 13
Matengenezo, oili na matairi: 12

Wengi tukiulizwa gharama ya gari tunataja mafuta, kwa kuwa ndiyo hela tunayoitoa kwa mkono kila wiki. Hapa mafuta hayafiki hata robo. Uchakavu hauna risiti, ndiyo maana haumuumi mtu. Niliupata kwa kutazama magari ya aina na umri wa gari langu yanauzwaje, kisha yaliyozidi umri kwa mwaka mmoja, nikatoa bei moja kwa nyingine na kugawa kwa miezi.

Mafuta ya kazini peke yake: kilomita 10.2 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni kilomita 224 kwa mwezi. Safari ndefu gari hili hutumia lita 7 kwa kilomita 100. Kwa safari hizi fupi, nikipima kwa kujaza tangi hadi juu na kusoma kilomita, napata karibu lita 11. Foleni ina sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni injini baridi. Ikiwaka baridi hupewa mafuta mengi kuliko inayohitaji ikishapata moto, oili bado nzito, na maji ya rejeta hayajakaribia nyuzi 90 ambako injini hufanya kazi vizuri. Kilomita 5 zinakwisha injini ndiyo kwanza inachangamka. Kwa kila kilomita, basi, hakuna safari ghali kama ya kwenda kazini: lita 25 hivi kwa mwezi, yaani alama 11. (Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo ni kilo 57 kwa mwezi. Daftari langu halina safu ya hizo.)

Matarajio: alama 11 za mafuta na 13 za maegesho, jumla 24 kwa mwezi, kwa gharama ya jozi moja ya viatu.

6 Februari: Njia

Ramani ya simu ilipoombwa njia ya miguu ilitoa kilomita 4.2, maana mtembeaji hahusiani na barabara za upande mmoja. Kukadiria muda nilitumia kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliyoiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya sasa ni karibu kilomita 5 kwa saa, na dakika 10 kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwangu ni juu kuliko kazini kwa mita 60. Asubuhi dakika 50, jioni 56.

Niliijaribu njia siku ya mapumziko, ikatoka sawasawa na kanuni. Jumatatu ikavunjika. Njia ilikuwa na vivuko vingi vya barabara kubwa, na siku ya kazi kila kivuko kinakusimamisha. Kwa jumla ilizidi saa nzima. Somo kwa anayeiga: njia ijaribiwe siku ya kazi, saa ileile utakayopita, vinginevyo umepima kitu kingine.

Suluhisho lilikuwa kuacha barabara kubwa kabisa na kukata katikati ya nyumba za watu kwa vichochoro. Kilomita 3.7, kivuko kikubwa kimoja tu, dakika 45. Ubaya wake ni kipande kisicho na taa, kwa hiyo njia hiyo ni ya mchana tu. Nikichelewa kutoka narudi kwa barabara kubwa.

Kipande kimoja hakina njia ya waenda kwa miguu. Pale natembea upande unaoyakabili magari yanayokuja, kama Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa 1968 unavyoelekeza kwa wanaolazimika kupita barabarani nje ya mji. Gari la kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde. Likija mgongoni huna hata muda wa kugeuka. Mkanda unaoakisi mwanga nimeufunga kwenye begi, na hiyo ndiyo bidhaa ya bei ndogo kuliko zote katika mradi huu. Wenye haraka ya kununua wangeanza na huo kabla ya viatu.

17 Februari: Miguu inadai

Wiki ya kwanza nilitembea na viatu vya ofisini, vya ngozi, soli ngumu. Malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Hapa nitaeleza kirefu, kwa sababu nadhani ndipo wengi wanapoacha.

Lengelenge halitokani na umbali. Linatokana na ngozi kuvutwa huku na mfupa ukivutwa kule, na unyevu huzidisha. Soksi za pamba hunywa jasho na kubaki nalo, ngozi ikalainika kama iliyolowekwa, kisha kiatu kikamalizia kazi. Nilibadilisha soksi kwanza, nikachukua za sufu iliyochanganywa na nyuzi za viwandani. Hilo peke yake lilipunguza tatizo kabla sijagusa viatu. Malengelenge madogo sikuyatoboa, niliyafunika. Ngozi yenyewe ndiyo bandeji bora ikiwa haijapasuka.

Kisha raba. Jozi ya kwanza nilinunua asubuhi, saizi ileile ya viatu vya ofisini. Kwenye mteremko vidole viligonga mbele hadi kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa ukitembea, kwa hiyo kiatu cha kutembelea hupimwa jioni, ukiwa umevaa soksi utakazotumia, na mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Bahati duka lilikubali kubadilisha. Jozi ya pili, nusu saizi zaidi, imetulia. Kisigino kilipokuwa bado kinapanda na kushuka, nilipitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa la juu, lile ambalo watu wengi huliacha wazi, nikarudisha kila ncha kwenye kitanzi kilichojitokeza kabla ya kufunga. Kisigino kikakaa.

Viatu vya ofisini sasa vinaishi ofisini, chini ya meza. Gharama ya raba na soksi: alama 7. Raba za aina hii kwa kawaida hushauriwa kubadilishwa baada ya kilomita 500 hadi 800. Kwa mwendo wangu hiyo ni miezi mitatu hadi mitano. Kwa hiyo viatu si gharama ya mara moja kama nilivyoandika tarehe 2. Ni kama alama 1.5 hadi 2 kila mwezi, na nitaiweka hivyo kuanzia Mei.

25 Februari: Ugoko

Maumivu kwenye ugoko wa kulia, upande wa ndani, yanayoanza na mteremko wa asubuhi. Mwili uliokaa kwenye kiti miaka haupaswi kupewa kilomita 7.4 kila siku kuanzia siku ya kwanza, hata kama pafu linasema liko tayari. Pafu huzoea mapema, mifupa na kano huchelewa.

Nilirudi kwenye gari kwa siku kadhaa, kisha nikaanza upya kwa kubadilishana: siku moja miguu, siku moja gari. Na hatua fupi. Kwenye mteremko nilikuwa narusha mguu mbele na kutua kwa kisigino kwa kishindo. Nikifupisha hatua na kuongeza idadi yake, kishindo kinapungua na muda wa safari haubadiliki. Anayeanza leo ningemshauri siku tatu kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, bila ubishi.

28 Februari: Mwezi wa kwanza umefungwa kwa hasara

Mafuta 20 badala ya 24. Maegesho bado 13, kwa kuwa yamelipiwa kwa mwezi na mkataba unataka taarifa ya mwezi mzima kabla ya kusitisha. Raba na soksi 7. Vitafunio na vinywaji vya njiani 3.

Jumla: 106.

Hizo alama 3 za vitafunio zinahitaji maelezo. Mtu wa kilo 70 akitembea hutumia takriban kilokalori 50 kwa kila kilomita, pamoja na zile ambazo angetumia hata akiwa amekaa. Kilomita 7.4 ni kama kilokalori 370, na tumbo linazidai. Ndani ya gari unapita madukani vioo vimefungwa. Kwa miguu unapita mlangoni kabisa, una njaa, na una chenji. Kuanzia kesho nabeba maji na kitu cha kula kutoka nyumbani.

Lakini kinachonisumbua ni mafuta. Hata nikitoa siku nilizoendesha kwa ajili ya ugoko, alama 4 ni kidogo mno. Kuna kitu kinakunywa.

9 Machi: Kinachokunywa kimepatikana

Niliweka karatasi kwenye dashibodi, kila gari linapowaka naandika kilomita na sababu. Jibu limekuja ndani ya wiki.

Kumbe shughuli ndogondogo zilikuwa zikidandia safari ya kazini. Manunuzi ya nyumbani, nguo za kurekebishwa, mzigo wa kuchukua, dawa, kumwona mgonjwa: zote zilifanyika wakati wa kurudi, kwa kukata kona moja tu, gari likiwa tayari barabarani na injini imeshapata moto. Nilipoacha kuendesha kwenda kazini, shughuli hazikuacha kuwepo. Kila moja ikageuka safari kamili: toka nyumbani, kilomita mbili tatu, rudi. Na kila mara injini baridi. Ndiyo safari ileile mbaya niliyoihesabu tarehe 2 Februari, imebadilisha jina tu.

Nadhani hii ndiyo sababu hesabu nyingi za kuacha gari hazitimii, na mwenye hesabu akadhani alikosea kujumlisha.

Nilichofanya ni kuzigawa shughuli kwa uzito wake. Zinazobebeka kwenye begi zinadandia safari ya miguu: dawa, nguo, bahasha, nafanya nikirudi. Nzito zinakusanywa hadi siku moja ya wiki, kwa mzunguko mmoja wa gari, nikianza na kituo cha mbali ili injini ipate moto mapema na vituo vya karibu nivipitie wakati wa kurudi. Zilizobaki, za aina ya "nikimbie mara moja", nyingi hazikuwa na haraka yoyote. Zikisubiri siku mbili zinajifia zenyewe.

Taarifa ya kusitisha maegesho imepelekwa. Yanakwisha mwisho wa mwezi huu.

24 Machi: Mvua, na alama 4 zilizopotea

Koti la mvua lisilopitisha maji, alama 4. Halikupitisha maji kweli, kutoka upande wowote. Baada ya dakika 20 za mwendo shati lilikuwa limelowa jasho kuliko ambavyo mvua ingelilowesha. Plastiki inayozuia matone kuingia huzuia pia mvuke kutoka, na mwili unaotembea unatoa mvuke muda wote. Vitambaa vinavyopitisha mvuke vipo, lakini bei yake ingemaliza faida ya mwezi mzima.

Sasa natumia mwavuli mkubwa niliokuwa nao siku zote, na mfuko wa plastiki ndani ya begi kufunikia karatasi na kompyuta. Mwavuli unaacha hewa ipite pande zote. Unashindwa tu kukiwa na upepo, na siku ya upepo na mvua pamoja napanda basi bila aibu. Koti linakaa kwenye gari. Sijafanikiwa kuliuza.

31 Machi

Mafuta 15. Maegesho 13 kwa mara ya mwisho. Koti 4, vitafunio 1. Jumla 96. Mradi umeanza kujilipa, ingawa kwa kubana.

14 Aprili: Betri

Siku ya mzunguko wa manunuzi gari halikuwaka. Taa za dashibodi ziliwaka kwa unyonge, kisha mlio wa tiktiki, kisha kimya. Fundi alipima betri, akaguna: "Hii haijafa leo. Umekuwa ukiiua taratibu mwezi mzima."

Gari lililozimwa halijazimika kabisa. Kengele ya wizi, saa, kompyuta ya injini na kipokezi cha ufunguo wa mbali huendelea kunywa umeme. Kwa magari mengi ni miliampea 20 hadi 50. Tuchukue 30: kwa siku ni ampea-saa 0.72, kwa siku 30 ni karibu 22. Betri yangu ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo mwezi wa kulala tu unamaliza nusu yake. Ongeza kuwasha gari, ambako huchota mkondo mkubwa kwa sekunde chache, halafu safari fupi ambayo haitoshi kurudisha kilichochotwa. Na betri ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu bila chaji ya kutosha, fuwele za salfeti hugandia kwenye sahani zake. Zikikomaa hazitoki, na uwezo wake haurudi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Yangu ilisoma 11.8.

Betri mpya, alama 6.

Nilizingatia njia tatu za kuzuia hili lisijirudie. Ya kwanza ni kuliendesha gari nusu saa au zaidi kila wiki bila sababu, yaani kuchoma mafuta niliyoyatolea jasho, nimeikataa. Ya pili ni chaja ndogo inayoachwa imechomekwa, nzuri kwa mwenye soketi karibu na anapoegesha, mimi sina. Ya tatu, ambayo nimeichukua, ni kufungua waya wa hasi wa betri baada ya kila mzunguko wa wiki. Ni kazi ya spana moja na dakika mbili. Angalizo: kengele ya wizi inazimika, saa na redio vinasahau, na baadhi ya redio hudai namba ya siri zikirudishiwa umeme. Itafuteni hiyo namba kabla. Soma pia bima yako, maana zipo zinazotaka kengele iwe inafanya kazi muda wote, yangu haitaji.

Wakati huohuo fundi alipata matairi mawili yamepungua upepo na diski za breki zimeshika kutu. Kutu ya juu hufutika kwa kukanyaga breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo. Upepo wa matairi sasa nakagua kila mwezi, kilomita ziwe nyingi au chache.

30 Aprili

Mafuta 14, maegesho ya siku mojamoja 2, betri 6. Jumla 85. Pasipo betri ingekuwa 79.

31 Mei: Begi, jasho, muda

Mwezi mtulivu. Mafuta 13, maegesho 1, kwa hiyo 77 kabla ya viatu. Nimenunua jozi ya pili. Soli ya kwanza imeliwa upande wa nje wa kisigino. Sehemu ya mwezi ya viatu, tuseme 2.

Begi: lilikuwa na kilo 7, mabega yakalalamika. Nikalimwaga mezani. Chaja ya kompyuta sasa inabaki kazini, daftari nene limegawanywa, chupa ya maji inajazwa nusu. Kilo 3.5. Mkanda wa kifuani, ule ambao watu huuona pambo, ndio unaozuia kamba zisivute mabega nyuma.

Jasho: shati la kazini linabebwa limekunjwa na kuvaliwa nikifika. Dakika kumi za mwisho napunguza mwendo, kwa sababu mwili huendelea kutoa jasho baada ya kusimama. Nikifika nimekimbia kuwahi, jasho linatoka nikiwa tayari mezani, na hapo hata shati jipya haliponi.

Muda ndio hoja ambayo watu hunitolea zaidi. Gari lilinichukua dakika 25 kwa upande mmoja nikihesabu kutafuta nafasi na kutembea kutoka maegesho, sehemu ambayo hakuna anayeihesabu. Miguu ni 45. Tofauti ni dakika 40 kwa siku. Mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba wanadamu wa zama zote huelekea kutumia karibu saa moja kwa siku kusafiri, chombo chochote wakitumiacho. Nimeipita saa hiyo kwa nusu nzima, na siku nyingine nahisi hivyo. Kwa upande mwingine Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi nazimaliza 150 kabla Jumanne haijaisha. Kabla ya mradi nilikuwa na sifuri. Sijaweka alama kwa hilo kwa kuwa sijui niiweke kwa bei gani.

Hatua: njia yangu kwenda na kurudi ni karibu 10,000. Wanaonipongeza kwa namba hiyo nawaambia ilitoka kwenye kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ilikuwa namba ya biashara kabla ya kuwa ya daktari. Bado wananipongeza.

30 Juni: Bima

Bima imefika mwisho wa mwaka. Nimeomba aina inayozingatia kilomita chache, nikatoa picha za mita ya gari za miezi mitano kama ushahidi. Bima na ada zimeshuka kutoka 17 hadi 14. Matengenezo yameshuka kutoka 12 hadi 10 tu, kwa kuwa oili hubadilishwa kwa kilomita au kwa muda, chochote kitangulie, na muda haujali kama unatembea.

Hali ya mwezi:

Uchakavu: 34
Bima na ada: 14
Mafuta: 13
Matengenezo: 10
Maegesho: 1

Jumla 72, na viatu 74.

Hapa nilikaa na daftari kwa muda. Nimefanya karibu kila kinachowezekana kwa miguu, na gari linalotumika siku moja kwa wiki bado linakula zaidi ya alama 70. Kutembea kumepunguza matumizi ya gari. Gharama ya kulimiliki iko palepale, na ndiyo kubwa. Alama 28 zilizopungua kutoka 100 zimenitoa jasho miezi mitano, wakati alama 34 za uchakavu zinaondoka kila mwezi nikiwa nimelala.

31 Julai: Funguo kwa jirani

Jaribio: mwezi mzima bila gari kabisa. Waya wa hasi umefunguliwa, funguo kwa jirani mwenye msimamo. Kila safari ambayo ingehitaji gari nilipe kwa njia nyingine na kuandika.

Basi kwa siku za mvua ya upepo: 3. Teksi, mara nyingi usiku au nikiwa na mzigo: 7. Kuletewa manunuzi mazito: 3. Gari la kukodi kwa safari moja ya mbali ya kifamilia: 6. Jumla 19, na viatu 21.

Ilivyoshindwa: usiku mmoja kulikuwa na mgonjwa nyumbani na teksi ilichelewa kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alipona, lakini sitaki kuliandika hili kama jambo dogo. Tumekubaliana na jirani yuleyule kwamba usiku wa dharura tunamgongea, nasi tunachangia mafuta yake. Bila makubaliano ya aina hiyo nisingesonga kwenye hatua inayofuata, na familia yenye mtoto mchanga au mzee anayeugua mara kwa mara ningeiambia ibaki na gari hata kama daftari linasema vingine.

Pia kukodi kunataka kupanga mapema. Nilijaribu siku moja kabla ya mapumziko marefu, magari yote yalikuwa yameshachukuliwa.

26 Agosti: Limeuzwa

Niliosha gari, nikabadilisha oili, nikapiga picha asubuhi, nikatangaza pamoja na rekodi zote za matengenezo. Waliokuja kuliangalia waliuliza kwanza kuhusu kutu ya diski, kwa hiyo anayeuza gari lililolala aliendeshe kidogo kila siku kwa wiki moja kabla ya kutangaza. Betri mpya, kwa upande wake, ilisaidia kwenye kupatana.

Bei niliyopata ni chini ya niliyokadiria Februari. Maana yake uchakavu wa kweli haukuwa 34 bali karibu 39, na gari la mwezi wa kawaida lilikuwa linanila alama 105, si 100. Sijarekebisha namba za juu. Asomaye aongeze mwenyewe. Kosa limetokana na kutumia bei zilizotangazwa, wakati magari huuzwa chini ya bei zake za tangazo. Anayeanza apunguze makisio kabla ya kuanza hesabu.

Kwa muuzaji wa gari: hakikisha umiliki umehamishwa rasmi kabla ya kukabidhi funguo, na bima iliyobaki idaiwe kwa maandishi. Nimerudishiwa sehemu ya miezi iliyobaki, ikatolewa ada ya kuvunja mkataba.

Kinachobaki kupimwa ni msimu wa mvua bila gari nyuma yangu, na kama alama 21 za Julai zilikuwa za kawaida au mwezi ulikuwa mpole. Nitaandika tena Novemba. Jozi ya tatu ya viatu imeshanunuliwa, na koti la mvua nimempa aliyenunua gari.